Umezoea 21 za lami? Hiki ndicho kinachokusubiri kwenye mbio za mlimani Meru

Umeshamaliza kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Medali unayo, picha ulishaposti, magoti yako salama. Sasa kwenye grupu la WhatsApp la jogging linaingia tangazo la mbio za mlimani, kwenye miteremko ya Meru, kilomita 21. Unajisemea, si ni zile zile tu? Unalipia, unasubiri namba yako.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Kilomita ni zile zile ila kazi ni nyingine kabisa. Barabarani, asiyejiandaa anachelewa kumaliza, anapanda bajaji, anarudi nyumbani. Mlimani anaweza kujikuta kwenye baridi, mguu umeteguka, simu haina mtandao, na giza linaingia.

Tumekuandalia mambo ya kuelewa kabla ya siku yenyewe, pamoja na unachoweza kufanya kwa wiki ulizobakiwa nazo.

Usiulize kilomita ngapi, uliza mita ngapi

Barabarani kila mtu anauliza umbali. Mlimani swali la kwanza ni: jumla tunapanda mita ngapi?

Kuna hesabu rahisi inayotumiwa na ITRA, chama cha kimataifa cha mbio za aina hii. Kila mita 100 za kupanda unazihesabu kama kilomita 1 ya ziada. Kwa hiyo mbio za kilomita 21 zenye kupanda jumla ya mita 1,200 ni sawa na kilomita 33. Wewe umejiandaa kwa 21, mwili unakwenda kulipa 33.

Wazo hili si geni. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ya watembea kwa miguu: saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiitumia kwenye mbio hizo hizo za kilomita 21, mtembeaji anahitaji zaidi ya saa 6. Wewe unakimbia, kwa hiyo utamzidi. Lakini usishangae saa zako 2 za Moshi zikawa 4.

Sasa tazama Meru yenyewe. Kilele kiko mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, mlima wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Geti la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, liko kwenye mita 1,500 hivi. Kibanda cha Miriakamba kiko kwenye mita 2,500 hivi, na kile cha Saddle kwenye 3,500 na kidogo. Kutoka getini hadi Miriakamba peke yake unapanda karibu mita 1,000, yaani kilomita 10 za ziada kabla hujahesabu umbali wa njia. Wapandaji wa kawaida hutumia siku 3 au 4 kwenda kileleni na kurudi.

Na si lazima mbio zifike kileleni ndipo zikuumize. Hata njia za chini, zile za kwenye migomba, kahawa na misitu ya kupandwa, zinapanda na kushuka mfululizo. Unamaliza kilima kimoja, kingine kinakusubiri.

Kutembea si aibu

Kosa la kwanza la mtu wa lami ni kutaka kukimbia kila sehemu. Kilima cha kwanza anakipanda kwa kasi kwa sababu watu wanamtazama. Kufika cha tatu pumzi imekata.

Kwenye mwinuko mkali, kutembea haraka huku umeegemeza mikono kwenye mapaja kunakupa karibu kasi ile ile ya kukimbia, kwa nguvu ndogo zaidi. Hata mabingwa wa dunia wa mbio za mlimani wanatembea njia ikisimama. Kipimo rahisi ni mdomo wako: kama huwezi kusema sentensi moja kamili bila kukatika, punguza mwendo.

Kushuka ndiko kunakomaliza mapaja

Watu wengi wanaogopa kupanda, wakidhani kushuka ni mapumziko. Ni kinyume chake.

Ukipanda, misuli ya paja inajikunja ili kukusukuma. Ukishuka, misuli ile ile inafanya kazi ya breki: inavutwa huku inakaza, hatua baada ya hatua, ikibeba uzito wa mwili mzima. Kazi hiyo inachana nyuzi ndogo ndogo za misuli. Ndiyo maana mtu anafika chini miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na maumivu makali yanakuja kesho yake au keshokutwa. Kuna atakayeshuka ngazi kinyumenyume siku mbili nzima.

Hatari yenyewe iko hapo kwenye kutetemeka. Paja likichoka haliwezi tena kukushika vizuri. Unakanyaga jiwe vibaya, kifundo kinateguka, na uko katikati ya msitu.

Habari njema ni kwamba mwili unajifunza kushuka haraka sana. Mazoezi machache tu ya kushuka, yakifanywa wiki kadhaa kabla, yanapunguza sana uharibifu huo. Tatizo ni kwamba barabara ya Njiro au ya Sakina haiwezi kukufundisha.

Arusha si Meru

Utasikia mtu anasema, sisi watu wa Arusha tumezoea mwinuko. Ni kweli, kwa kiasi. Jiji liko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hapo hewa unayovuta ina oksijeni kama asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam au Tanga. Anayetoka Pwani akaja kukimbia huku ataona tofauti siku ya kwanza.

Lakini kileleni Meru kiwango hicho kinashuka hadi karibu asilimia 57. Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu yeyote anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko, awe mzima wa afya, kijana au mkimbiaji mzuri. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, kizunguzungu, mwili unakosa nguvu. Dawa yake kubwa ni moja: kushuka. Ukimeza dawa ya maumivu ukaendelea kupanda, unazima kengele ya hatari tu.

Halafu kuna baridi. Joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000. Mchana wa nyuzi 25 pale Mnara wa Saa unaweza kuwa nyuzi 18 kwenye usawa wa Miriakamba, 11 hivi kwenye usawa wa Saddle, na 4 au 5 kileleni. Hapo bado hujaweka upepo, wala fulana iliyolowa jasho. Kati ya Juni na Agosti, Arusha yenyewe inapokuwa ya makoti, hesabu hiyo inashuka zaidi.

Kilichotokea China

Kama unadhani hili la baridi limetiwa chumvi, soma kisa hiki.

Tarehe 22 Mei 2021, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 kwenye eneo la Msitu wa Mawe wa Mto Njano, jimbo la Gansu, kaskazini magharibi mwa China. Wengi walikuwa na kaptura na fulana nyepesi. Mchana hali ya hewa ikageuka ghafla: mvua ya baridi, mvua ya mawe na upepo mkali, wakati wengi wako kwenye sehemu ya juu yenye mwinuko mkali, ambako gari haliwezi kufika.

Watu 21 walikufa. Mmoja wao alikuwa Liang Jing, kati ya wakimbiaji bora kabisa wa mbio ndefu China. Hakuna anayeweza kusema Liang hakuwa na mazoezi.

Kilichowaua ni baridi, si uchovu peke yake. Koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya vitu vya lazima, lilikuwa la hiari. Wakimbiaji 6 waliokolewa na mchungaji wa kondoo aliyekuwa amejikinga pangoni. Aliwaingiza ndani, akawawashia moto.

Kisa hiki kinabadilisha maana ya neno maandalizi. Tumezoea kudhani maandalizi ni mapafu na miguu. Mlimani, koti jepesi linaloenea kwenye kiganja linaweza kuwa na thamani kuliko miezi mitatu ya kupiga tizi.

Jifunze dalili za mwili unaopoteza joto, kwako na kwa mwenzako. Anatetemeka bila kuacha. Vidole vinashindwa kufunga zipu. Anajikwaa pasipo jiwe. Anaongea kama mlevi. Baadaye anaacha kutetemeka, na hapo watu hudhani amepata nafuu kumbe hali imekuwa mbaya zaidi. Mkinge na upepo, mvue nguo mbichi, mfunike, mpe kitu cha sukari kama bado anameza vizuri, na itisha msaada. Usimwache peke yake.

Udongo, mvua na wenyeji wa msituni

Meru ni mlima wa volkano. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Udongo wake wakati wa kiangazi ni vumbi jepesi linaloteleza chini ya kiatu, na mvua ikinyesha ni utelezi unaoweza kukukalisha chini mbele za watu. Raba yenye soli laini ya barabarani haina kazi hapo. Unahitaji soli yenye meno, na uwe umeivaa angalau wiki tatu. Kiatu kipya siku ya mbio ni malengelenge ya uhakika.

Angalia pia majira. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Novemba na Desemba. Upande wa kusini na kusini mashariki mwa mlima hupata mvua nyingi kuliko kaskazini na magharibi. Kwa hiyo anga kuwa jeupe Ngaramtoni hakukuhakikishii lolote kuhusu upande wa pili.

Na kuna wanyama. Ndani ya hifadhi wako nyati, tembo, twiga na chui, na ndiyo sababu wapandaji hutembea na askari wa hifadhi mwenye silaha. Usiingie njia za hifadhi peke yako eti unafanya mazoezi. Kwenye misitu ya serikali nje ya hifadhi nako, ulizia kibali kwanza, na nenda na mtu anayeijua njia.

Maji, chumvi na ndizi

Kwa mbio za saa 4 huwezi kutegemea chai ya asubuhi. Mwili unahitaji wanga kama gramu 30 hadi 60 kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi. Hulazimiki kununua vile vipakiti vya bei kutoka nje: ndizi, tende, kashata, viazi vitamu vya kuchemsha au glukosi kwenye maji vinafanya kazi. Cha msingi ni kuvijaribu mazoezini, maana tumbo linalotikiswa kwenye mteremko lina maamuzi yake.

Kuhusu maji, kosa liko pande zote mbili. Ukinywa kidogo unaishiwa. Ukinywa kupita kiasi unapunguza chumvi kwenye damu, na hilo linaweza kuua. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon ya mwaka 2002 walikuta asilimia 13 wana chumvi pungufu kwenye damu. Kunywa ukisikia kiu, na weka kitu chenye chumvi kwenye begi.

Wiki zilizobaki, fanya nini?

*Kama una wiki 12:* Mara moja kwa wiki tafuta kilima cha kweli. Watu wa Arusha wamebarikiwa: barabara za kupanda kuelekea Ilboru, Sekei na kijiji cha Ng'iresi ziko jirani kabisa na mjini. Panda kwa kutembea haraka, shuka kwa hatua fupi fupi na za haraka. Ongeza kidogo kila wiki. Wikiendi, badala ya kuhesabu kilomita, hesabu saa: 2, kisha 2 na nusu, kisha 3 za kuwa kwenye miguu.

*Kama una wiki 6:* Bado unaweza kuokoa mapaja yako. Weka mazoezi ya kushuka mara moja kwa wiki, na squat na kupanda ngazi mara mbili. Fanya zoezi moja refu ukiwa umevaa na kubeba kila kitu utakachokuwa nacho siku ya mbio.

*Kama una wiki 2:* Kwa ukweli kabisa, nguvu mpya huwezi kuijenga tena. Ukijilazimisha sasa utafika mstari wa kuanzia ukiwa umechoka au umeumia. Zungumza na waandaaji, uliza kama unaweza kuhamia umbali mfupi. Kwenda kilomita 10 badala ya 21 hakujamwaibisha mtu.

Na kama una shinikizo la damu, pumu, tatizo la moyo au sukari, muone daktari kabla hujalipia.

Waulize waandaaji maswali haya

Maandalizi si yako peke yako. Kabla ya kutuma hela, uliza: jumla ya kupanda ni mita ngapi, na sehemu ya juu kabisa iko mita ngapi? Vituo vya maji viko wapi? Kuna wahudumu wa afya njiani, au mwisho wa mbio tu? Nani anatembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho? Muda wa mwisho wa kupita kila kituo ni saa ngapi? Hali ya hewa ikiharibika, nani ana mamlaka ya kusimamisha mbio, na mtajulishwaje?

Mwandaaji aliyejipanga atakujibu bila kuhangaika. Akikujibu "usijali, njoo tu", hapo ndipo uanze kujali.

Kurudi si kushindwa

Watanzania tuna kisa kimoja cha mbio tunachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Mexico City, jiji lililo mita 2,240 juu ya bahari, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti na bega. Aliendelea. Aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa 1 baada ya mshindi, akawa wa 57 na wa mwisho. Akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Kisa hiki kinastahili heshima yote. Lakini usikibebe kizima kizima kwenda nacho mlimani. Akhwari alikuwa kwenye barabara za jiji, ambako msaada ulikuwa karibu naye. Wewe ukichechemea kwenye msitu wa Meru saa 11 jioni, kumaliza kunaweza kumaanisha watu wengine 10 kuingia gizani kukutafuta kwenye njia ya nyati.

Kwa hiyo amua mapema, ukiwa nyumbani na akili imetulia: nikifika kituo fulani baada ya saa fulani, narudi. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, nashuka. Mvua ikinikuta bila koti kavu, naacha. Ukisubiri kuamua ukiwa umechoka, utaamua vibaya, kwa sababu uchovu na baridi huanza kuharibu akili kabla ya miguu.

Juma Ikangaa, Mtanzania aliyeshinda New York City Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, ana kauli inayorudiwa na wakimbiaji dunia nzima: hamu ya kushinda haina maana bila hamu ya kujiandaa. Kwa mlimani, kujiandaa ni pamoja na kujua ni wapi utageuza.

Begi lako usiku wa kuamkia mbio

- Koti jepesi la kuzuia mvua na upepo, hata la mtumba, mradi halivuji
- Fulana kavu ya ziada na kofia, ndani ya mfuko wa plastiki
- Maji angalau lita 1, chakula cha saa 4, na kitu chenye chumvi
- Filimbi, mlio wake unafika mbali kuliko sauti yako
- Tochi ya kichwani, hata kama mbio ni za asubuhi
- Bandeji ya kufunga kifundo
- Simu yenye chaji kamili. Namba ya waandaaji iwe imehifadhiwa, pamoja na 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya Polisi. Kumbuka mtandao hukatika mabondeni
- Mtu mmoja nyumbani anayejua unapita njia gani na saa ngapi aanze kukutafuta

Ukipanga vyote hivyo na bado begi likawa jepesi kuliko la mtoto wa chekechea, uko vizuri. Ukiona ni mzigo na ukataka kuacha koti, acha kitu kingine.